Damu Inasema Nini Pafu Linapozama

Leo mazungumzo yetu ni ya damu na pumzi, na yanaanzia Mafia, kisiwa cha pwani ya Tanzania.

Wazee wa Mafia wanaijua damu ya usiku. Zamani, wataalamu wa matende na mabusha walipoingia kijijini hawakufika asubuhi. Walisubiri giza. Watu wakiwa wameshakula, watoto wameshalala, ndipo taa zinawashwa na kila mtu anaitwa kutobolewa kidole. Katika pwani iliyolelewa kwa hofu ya mumiani, mtu anayetaka damu yako usiku lazima akupe maelezo ya kutosha.

Maelezo yenyewe ni haya. Watoto wa mnyoo wa matende hawatembei mchana. Jua likiwa juu hujikusanya ndani ya mishipa midogo kabisa ya mapafu na kutulia humo. Usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, hutoka wakasambaa kwenye damu ya mwili mzima, wakati uleule mbu wanapouma. Ukimtoboa mtu kidole saa nne asubuhi unaweza kupata damu isiyo na kitu kutoka kwa mgonjwa kamili. Baadaye kikaja kipimo cha kadi. Hiki hakimtafuti mtoto wa mnyoo, kinatafuta protini ambayo mnyoo mkubwa anaiacha kwenye damu, na protini hiyo ipo usiku na mchana. Upimaji ukahama kutoka usiku wa manane kuja mchana kweupe. Na mwaka 2000, Tanzania ilipoanza kugawa kwa umma dawa za kutokomeza matende, wilaya iliyoanza ilikuwa Mafia.

Nimeanza huko kwa sababu kisiwa hiki tayari kinalijua jambo ambalo mabingwa wa tiba duniani wanalihangaikia katika ugonjwa mwingine kabisa, yaani kusoma katika tone la damu kitu kilichojificha ndani ya pafu.

Ugonjwa huo madaktari huutaja kwa herufi nne, ARDS. Mimi nitauita jeraha kali la mapafu, ingawa mwenye nao huenda hakuchomwa kisu wala hakupigwa kifuani. Nikupe mfano. Nautunga, lakini vijiji vya wavuvi havikosi wa kwao. Mvuvi wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, amepinduliwa na wimbi, amezama, maji ya bahari yamemwingia kifuani. Wenzake wamemvuta wakamtoa. Anakohoa, anatapika, anakaa, anazungumza. Watu wanamshukuru Mungu, wanampa chai, wanamfunika shuka. Usiku pumzi zake zinaanza kuwa fupi. Alfajiri yuko kitandani lakini anahema kama aliyetoka mbioni, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta, hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata. Akiwekewa oksijeni anapata nafuu ndogo, kisha anarudi palepale.

Maji ya bahari ni njia moja tu ya kufika hapo. Yupo mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja na mbavu, na siku ya pili kifua kikaanza kumbana. Yupo mama aliyejifungua salama, kisha maambukizi yakamwingia kwenye damu. Yupo mwenye homa ya mapafu iliyopitiliza. Yupo mtu mzima mwenye malaria kali, na huyu ndiye anayewashangaza wengi, maana pumzi yake inaweza kuharibika hata baada ya dawa kuanza kazi na vijidudu kupungua. Mwaka 2020 na 2021, korona iliufanya ugonjwa huu ujulikane dunia nzima, lakini ulikuwapo kabla yake na haujaondoka.

Ndani ya pafu kunatokea nini? Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa majahazi, basi na tuulize kwa lugha ya mafundi. Mbao za chombo hata zikichongwa vizuri namna gani, zikiunganishwa zinabaki na nyufa. Fundi huzijaza kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, akaigongomea kwa patasi na nyundo mpaka ikakaza. Kalafati ikiwa nzima chombo kinaelea mwaka mzima. Ikianza kutoka, maji yanapenya kidogokidogo, yanajaa kwenye ngama, na mabaharia wanashika upo na kuyafua. Wakichoka kufua, chombo kinazama kikiwa na tanga lake zima na mlingoti wake umesimama.

Pafu nalo limejengwa hivyo. Lina vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba mno, na seli zake zimekazana kama mbao zilizotiwa kalafati. Katika jeraha hili viungio vinalegea, pande zote mbili za ukuta. Majimaji ya damu yenye protini yanavuja na kujaa mahali pa hewa. Mgonjwa anazama akiwa nchi kavu.

Madaktari wanne wa Marekani, Ashbaugh, Bigelow, Petty na Levine, ndio walioueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1967, katika jarida la Lancet la Uingereza. Walikuwa na wagonjwa 12 tu. Walichokiona ni kwamba watu waliofika kwa sababu tofauti kabisa, huyu ajali, yule maambukizi, waliishia na pafu la aina moja. Tangu hapo swali limebaki lilelile: utamtambuaje mgonjwa huyu mapema, na utamtofautishaje na mwenye moyo ulioshindwa, ambaye naye mapafu yake hujaa maji?

Mwaka 2012 wataalamu walikubaliana vigezo vinavyoitwa vya Berlin. Shida ya pumzi iwe imeanza ndani ya wiki moja tangu mgonjwa apatwe na kilichomuumiza. Picha ya eksirei ionyeshe ukungu pande zote mbili za kifua. Damu ya mshipa wa ateri ichukuliwe na kupimwa kiasi cha oksijeni. Na mgonjwa awe kwenye mashine ya kupumulia yenye mkandamizo maalumu. Vigezo vizuri, lakini hebu vihesabu ukiwa umekaa katika hospitali ya wilaya yoyote ya Afrika Mashariki. Eksirei huenda ikapatikana. Kipimo cha gesi za ateri ni nadra. Mashine ya kupumulia ni nadra zaidi.

Wapo waliokwenda kuhesabu kweli. Katika hospitali ya rufaa ya chuo kikuu jijini Kigali, Rwanda, daktari Elisabeth Riviello na wenzake wa Rwanda na Marekani waliwapima wagonjwa wote watu wazima waliolazwa katika muda wa wiki sita. Walikuwa 1,046. Kwa vigezo vya Berlin hakukuwa na mgonjwa hata mmoja mwenye jeraha kali la mapafu. Hata mmoja. Basi wakabadilisha vyombo: badala ya damu ya ateri wakatumia kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, badala ya eksirei pekee wakakubali altrasaundi, na sharti la mashine ya kupumulia wakaliondoa. Wakapatikana wagonjwa 42. Nusu yao walifia hospitalini. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016, na kila ninapoukumbuka nafikiria watu hao 42 ambao kwa vitabu vya dunia hawakuwa wanaugua walichokuwa wanakufa nacho. Fasili mpya ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2024 imekubali kifaa cha kidole na imekubali altrasaundi. Kigali ilichangia hilo.

Na usidhani mahali penye vifaa vyote mambo ni rahisi. Mwaka huohuo wa 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika vyumba 459 vya wagonjwa mahututi, katika nchi 50. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi alikuwa na jeraha hili, na wanne katika kila kumi waliokuwa nalo walifariki hospitalini. Lakini madaktari waliokuwa wamesimama kando ya vitanda hivyo waliutambua ugonjwa kwa watu sita tu katika kila kumi. Jicho linakosa, na eksirei inabishaniwa: mtaalamu huyu anaona ukungu, yule anaona kivuli cha moyo. Ndiyo maana watu wakageukia damu.

Rudi kwa fundi wetu. Akitaka kujua chombo kinavuja wapi, haanzi kwa kubomoa mbao. Anatazama maji ya ngama. Yana nyuzi za pamba? Yana unga wa mbao? Yamebadilika rangi? Viashiria vya damu vinafanya kazi hiyo hiyo. Vinatafuta kwenye damu mabaki ya ukuta uliobomoka.

Cha kwanza kinaitwa RAGE. Ni protini inayokaa kwa wingi kwenye zile seli bapa zilizotandaza ukuta wa kifuko cha hewa. Seli hizo zikiumia, vipande vya protini hiyo vinaingia kwenye damu. Tafiti nyingi zimekuta kiwango chake kikiwa juu kwa wenye jeraha hili, na juu zaidi kwa wale ambao hawakupona. Kwa maoni yangu hiki ndicho kinachokaribia zaidi kusema kwa jina kwamba pafu ndilo lililoumia. Kipo kingine, SP-D, kutoka kwenye seli zinazotengeneza ule utelezi unaozuia vifuko visishikane. Kisha kuna angiopoietini-2, ambayo inatoka upande wa pili wa ukuta, kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu. Ikipanda, viungio vya mishipa vinalegea. Na lipo kundi la wapiga mbiu, intaleukini-6 na intaleukini-8, ambazo mwili huzitoa unapotangaza hatari.

Mbiu ndiyo yenye matatizo. Ikilia kijijini unajua kuna jambo, hujui nyumba ya nani. Intaleukini-6 itapanda kwa jeraha la mapafu, itapanda kwa jipu la tumboni, itapanda kwa malaria. Angiopoietini-2 nayo hupanda kwa malaria kali hata kama mapafu bado ni mazima. SP-D hupanda kwa wavutaji wa sigara. Sasa mfikirie mama wa Mafia aliyepika kwa kuni, makumbi na vifuu vya nazi miaka thelathini ndani ya jiko la makuti. Kiwango chake cha kawaida ni kipi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa damu iliyochotwa Paris au San Francisco. Na mpaka leo hakuna kiashiria cha damu hata kimoja kilichoingia kwenye fasili ya ugonjwa huu.

Lakini damu imeshatufundisha jambo ambalo eksirei haikuweza. Mwaka 2014, Carolyn Calfee wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake walichukua taarifa za wagonjwa wa majaribio mawili makubwa yaliyokuwa yamekwisha, wakazipanga upya kwa kutumia viashiria vya damu pamoja na hali ya mgonjwa. Wakakuta ugonjwa tuliokuwa tunauona mmoja una sura mbili. Karibu theluthi moja ya wagonjwa mwili wao unawaka: mbiu ziko juu, shinikizo la damu liko chini, tindikali imejaa kwenye damu. Waliobaki wana moto mdogo. Kwa macho wamefanana, eksirei zao zimefanana, lakini wale wa kwanza wanakufa zaidi, na tiba ileile inaweza kumfaa huyu isimfae yule. Uingereza na Ireland wamekwisha kujaribu mashine ya kuwekwa kando ya kitanda, inayopima protini chache za aina hiyo na kumpanga mgonjwa kundi lake bila kusubiri maabara kubwa.

Hapo ndipo ninapoirudia Mafia, maana huko swali linabadilika.

Mjini swali ni hili: mgonjwa huyu nimpe dawa gani, mashine niiweke kwa kipimo gani? Tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba mashine ikisukuma pumzi ndogo, mililita 6 kwa kilo, vifo vinapungua kuliko ikisukuma mililita 12. Tangu mwaka 2013 inajulikana kwamba mgonjwa mahututi aliye kwenye mashine akilazwa kifudifudi saa nyingi kwa siku, uwezekano wa kufa unashuka sana. Haya ni maarifa ya mahali penye mashine. Kisiwani swali la kwanza ni jingine: nani avushwe, na avushwe lini?

Iweke ramani mbele yako. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Mafia zaidi ya watu 66,000, na hawakai kisiwa kimoja. Wapo Chole, wapo Juani, wapo Jibondo, wapo Bwejuu. Mgonjwa wa Jibondo ana bahari ya kwanza kufika kisiwa kikubwa, kisha barabara hadi hospitali ya wilaya Kilindoni. Akihitaji kupumuliwa na mashine, mbele yake kuna bahari ya pili, saa kadhaa hadi Nyamisati upande wa bara, na baada ya Nyamisati barabara ndefu ya kwenda Dar es Salaam. Au ndege ndogo ya nusu saa, kwa anayeipata. Na bahari haimsubiri mgonjwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Siku kama hiyo hakuna anayevuka.

Ukimvusha mtu ambaye angepona Kilindoni kwa oksijeni na dawa, umeichosha familia, umemaliza akiba yao, umemtoa mgonjwa kwenye oksijeni ya uhakika ukamweka juu ya maji na mtungi mmoja. Ukimwacha ambaye alihitaji kuvuka, kesho yake saa nne asubuhi hatavukika tena. Daktari wa kisiwani anaamua hilo jioni, kwa macho na masikio, huku upepo wa kusi unavuma na nahodha anataka jibu. Ningempa nini mtu huyu? Ningempa kipande kidogo kama kile cha malaria: tone moja, dakika kumi na tano, na mstari unaosema ukuta wa pafu hili umeanza kubomoka, usingoje asubuhi.

Hilo ndilo neno langu la leo. Kiashiria cha damu cha jeraha la mapafu kingekuwa na thamani kubwa kuliko popote mahali ambapo uamuzi ni wa chombo na mkondo wa maji, kwa kuwa huko kosa halirekebishiki. Lakini hakitengenezwi kwa ajili ya huko. Kwa sehemu kubwa viashiria hivi bado vinapimwa kwa sahani ya maabara yenye vishimo 96. Sampuli zinahifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na hupimwa zikishakuwa nyingi za kujaza sahani. Mgonjwa wa Kilindoni ni mmoja. Hawezi kusubiri wenzake 90 waugue ili damu yake isomwe.

Inawezekana kutengeneza kipande hicho? Matende yanatujibu. Malaria inatujibu. Yote mawili yalihitaji darubini na fundi wake, leo yanapimwa na mhudumu wa zahanati. Na nchini Uganda, katika hospitali ya Jinja, watafiti wa Uganda na Kanada wamepima damu za watoto wenye homa na kukuta kwamba protini kama angiopoietini-2 na nyingine iitwayo sTREM-1 zinaweza kuonyesha tangu siku ya kwanza ni mtoto yupi yuko kwenye hatari ya kufa. Angalia walivyouliza. Hawakuhangaika kwanza na jina la ugonjwa. Waliuliza nani yuko hatarini. Kwa kisiwa, hilo ndilo swali sahihi.

Sharti langu ni moja: kipimo kipimwe kwetu kabla ya kuaminiwa kwetu. Tumeshapata somo. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyofika vizuri mwilini amiminiwe maji ya mshipani haraka haraka. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na hapa Tanzania, ambako Muheza ilishiriki, kwa zaidi ya watoto 3,000. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3. Kanuni iliyozaliwa kwingine ilipopimwa kwenye wodi zetu ilipinduka. Kiashiria cha damu kinaweza kupinduka vilevile, na atakayelipa ni mgonjwa.

Hata kifaa cha kidoleni, rafiki mkubwa wa zahanati, kina habari yake. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha kinachosomwa kidoleni na oksijeni halisi ya ateri. Kati ya vipimo ambavyo kifaa kilisema oksijeni iko kati ya asilimia 92 na 96, vile ambavyo kwa kweli ilikuwa chini ya 88 vilikuwa asilimia 3.6 kwa weupe na asilimia 11.7 kwa weusi. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, na kilisawazishwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Usikitupe kifaa hicho, kimeokoa wengi. Lakini kikikuambia 93 na mgonjwa anahema pumzi 35 kwa dakika, mwamini mgonjwa.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopita katika hospitali za nchi 22 za Afrika, ukamtazama kila mgonjwa mtu mzima aliyelala wodini siku ya uchunguzi. Kati ya waliokuwa na upungufu mkubwa wa pumzi, chini ya nusu ndio waliokuwa wanapewa oksijeni. Wengi wa mahututi hawakuwa chumba cha mahututi, walikuwa wodi za kawaida. Hapa kwetu, wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Sweden wamekuwa wakisisitiza kwa miaka kwamba mgonjwa mahututi huanza kuokolewa na mambo madogo: pumzi zihesabiwe, oksijeni iwekwe, asiyejitambua alazwe ubavu, mwenye shida ya pumzi akalishwe, na haya yafanyike katika kila wodi, kila zamu. Kiashiria cha damu hakiwezi kuziba pengo la oksijeni ambayo haikuwekwa. Anayenunua mashine ya kupima intaleukini kabla ya kuhakikisha mitungi imejaa amekosea mpangilio.

Kwa hiyo ombi langu kwa watafiti wetu, wa taasisi za Muhimbili, Ifakara na NIMR: mtakapoanza kupima viashiria hivi, na natumaini mtaanza, msiishie Dar es Salaam. Ingizeni wilaya za visiwa tangu siku ya kwanza. Pimeni damu ya mkwezi, ya mzamiaji, ya mama wa jiko la vifuu, ya mwenye malaria. Mafia ilitangulia kumeza dawa za matende mwaka 2000, haitashindwa kutoa vidole.

Na wewe uliye Chole, Bwejuu au Jibondo, unayenisikiliza sasa hivi labda ukishona wavu: mtu akitolewa majini akiwa amepoteza fahamu, au amekohoa povu, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo hata kama amekaa na anazungumza. Mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, wakati watu wameshatawanyika. Msimwache alale peke yake. Mhesabieni pumzi kwa dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Mtu mzima aliyetulia akizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, mwamsheni nahodha usiku huohuo na mpige simu Kilindoni wakati chombo kinateremshwa majini, ili oksijeni iwe tayari mnapofika.